Ringi ya Buluu

Boti ilikuwa ikinguruma kama mume aliyerudi nyumbani bila mshahara: kelele nyingi, na mbele haendi. Maji yalitokota povu nyuma yake, moshi ukatanda juu ya magugu ya ukingoni, na chombo chenyewe kikajikokota hatua kumi kutoka gatini, kikasimama katikati ya mto. Kisha mkondo ukaanza kukirudisha taratibu, kama mgeni aliyeaga akasikia harufu ya chakula.

"Zima, Fundi," alisema Mama Boti kutoka ukingoni. "Hiyo ni petroli, si maji ya bomba."

Fundi alizima. Wateja wake walimwita Fundi Kesho, na yeye hakulikataa jina, alisema tu kwamba leo huwa ina mambo mengi. Wiki nzima alikuwa ameiinamia injini ile. Alisafisha plagi. Alibadilisha chujio. Alimwaga petroli iliyoingia maji akatia mpya, akachomoa magugu yaliyonasa kwenye wavu wa tumboni, akakaza kila kilichokubali kukazwa. Na kila mara injini iliwaka kwa mkupuo mmoja, ikapandisha sauti mpaka ndege wakahama miti, na boti ikabaki pale pale.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi mkaguzi wa hospitali alikuwa anakuja kuijaribu. Ikipita, ingebeba dawa na wajawazito wa kule juu kwenye maporomoko, kila wiki, kwa mkataba wa mwaka mzima. Isipopita, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapita mara mbili kuiangalia, na mara ya pili alikuja na mzani.

"Shemeji, injini hii bado ina kitu," alisema Fundi akijifuta mikono kwenye suruali. "Nipe mpaka kesho."

"Mtoto akitafuna vizuri lakini hanenepi, unampeleka kwa daktari wa meno?"

"Hapana. Unatazama tumbo."

"Basi mbona wiki nzima uko kwenye meno?"

Fundi alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Boti, na aibu ya kusahihishwa na mjane wa rafiki yako haina pa kuketi. Tangu alipokuwa akijifunza kazi gereji alijua kwamba injini ikikosa nguvu, tatizo ni la injini. Ila injini ikiimba kwa raha zake na boti haiendi, tatizo liko nyuma, kwenye pampu. Lakini pampu ile marehemu aliifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kuifungua, kwa Fundi, ilikuwa kama kufungua barua ya mtu.

Boti haikuwa na pangaboi la kuisukuma majini. Mto wenyewe ulikuwa wa mawe, mahali pengine maji yanaishia magotini, na pangaboi lingevunjika siku ya kwanza. Hii ilivuta maji kwa tumbo, kupitia wavu wa chuma. Feni iliyo ndani ya bomba inayakamata na kuyatema nyuma kwa nguvu, na boti inaruka mbele. Wapakia mchanga wanne waliombwa, wakaivuta ikapanda juu ya magogo. Fundi alifungua bolti moja moja, akaitoa nozeli, mdomo wa kutemea maji, akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Kati ya feni na ukuta wake papite karatasi tu," alisema, shavu lake likiwa limebanwa na bati. "Ukuta ukiliwa na mchanga, maji yanapenyea pembeni yanarudi yalikotoka, feni inazunguka bure. Na hapa, shemeji, kidole changu kinapita. Kinapita na pete yake."

Akavuta kitu. Kikagoma. Akavuta tena, kikatoka na skrubu mbili: utepe wa plastiki, wenye tabaka mbili, umelika ukawa mwembamba kama ulimi wa mbuzi. Akaugeuza juani.

"Hii siyo ringi. Ringi ya pampu, huo ukuta unaoizunguka feni, ni chuma. Huyu bwana alitia nini humu?"

Utepe ulikuwa wa buluu. Kwenye ncha moja, mahali ambapo mchanga haukufika, palikuwa na nusu ya ua jekundu.

Mama Boti alilijua lile ua kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake katika kundi la watoto. Alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gogo lililobeba boti.

Lilikuwa ua la beseni lake la buluu, lililopotea uani mwaka uliopita, wakati wa mvua. Lilikuwa kubwa, la kuogeshea watoto wawili pamoja. Nyumbani waliishi yeye, mumewe, watoto, mama mkwe, na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akienda gatini kumsaidia kaka yake kushika spana. Mama Boti hakumuuliza wifi yake chumbani. Alimuuliza bombani, mbele ya ndoo ishirini na wenye ndoo. Tena hakuuliza, alisema kwamba mwizi wa nje hutafuta mlango, wa ndani hupewa ufunguo. Wifi aliweka ndoo yake chini, akasema, "Kama umeshaamua, basi ni mimi." Jioni mfuko wake ulikuwa nje ya kizingiti. Na mume, kaka yake wa tumbo moja, alikaa kwenye kiti akifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Mama Boti alidhani anamwonea dada yake haya.

Boti ilinunuliwa kwa kiwanja ambacho Mama Boti aliachiwa na baba yake. Mwanamume angeanzaje kumwambia mkewe kwamba kiwanja chako kimeshaliwa na mchanga, na kilichobaki nakifunika na beseni lako?

"Lakini kazi nzuri," Fundi alikuwa akisema, maana fundi akiona ufundi husahau msiba. "Na si ya mtu mmoja. Mmoja anaikunja ikiwa ya moto, mwingine anakaza skrubu. Alikuwa na nani?"

Mama Boti aliuchukua ule utepe, akaufunga kwenye kitambaa.

*

Jumanne Fundi alijaribu. Ringi ya kweli ilikuwa inaagizwa nje. Ingefika baada ya wiki sita, na bei yake ilikuwa bei ya kuchekesha, ila hakuna aliyecheka. Akanunua beseni sokoni, akakata, akachemsha plastiki mpaka ikajikunja kama sikio la mzee. Akakata nyingine, akaigandisha na gundi. Boti ilikwenda mita mia moja, ikarudi kutafuna bila kumeza, na vipande vya beseni vikatoka nyuma vikielea kama maganda.

"Kuna kitu alifanya ambacho mimi sikijui," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza hakutaja kesho.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu yake imefunikwa shuka, macho mlangoni. Tangu mwanawe azikwe alikuwa anauliza swali moja tu, na Mama Boti alikuwa na jibu moja tu.

"Mwanangu, yule hajapita?"

"Bado, mama. Kazi zimembana."

"Kazi gani hizo zinazobana mtu mpaka akizika kaka yake anasimama nyuma kama jirani?" Bibi aligeuza uso ukutani. "Beseni tu. Ningekuwa na nguvu ningekununulia kumi."

Mama Boti alimkanda miguu mpaka alipolala. Halafu akatoka.

*

Wifi alikuwa anapiga pasi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni, katikati ya mashuka yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Alimwona Mama Boti mlangoni, akaendelea kupiga pasi mpaka pindo likaisha.

"Karibu, wifi. Ukae, ila hesabu vyombo kwanza. Humu kuna pasi moja, sufuria moja, na kikombe kisicho na mkono. Usije ukasema kimepungua."

"Nimekuja na aibu yangu mwenyewe."

"Hiyo nayo uiweke pembeni, chumba ni kidogo."

Mama Boti alifungua kitambaa, akaweka ule utepe wa buluu juu ya meza ya kupigia pasi. Wifi aliutazama muda mrefu. Pasi ikaanza kutoa harufu, akaiinua.

"Umelika," alisema. "Nilimwambia utafika miezi minane. Akasema mwaka. Alikuwa anapenda kubishana na vitu visivyo na masikio."

"Ulijua tangu siku ile."

"Mimi ndiye niliyelishika beseni akilikata."

"Na pale bombani ukanyamaza."

"Ningesema nini? Kwamba mumeo kaliiba? Au kwamba boti uliyoitolea kiwanja cha baba yako imeoza ndani, na watoto wanasomeshwa na plastiki?" Alikunja shuka mara mbili, mara nne. "Yule kaka alinibeba mgongoni kunipeleka shule mwaka mzima nilipovunjika mguu. Nikasema, haya, beseni si mzigo. Sikujua lina uzito ule. Watu wakinisalimia wanashika mikoba."

Mama Boti alitaka kupiga magoti. Chumba hakikuwa na nafasi. Goti moja liligonga kikapu cha mashuka, na wifi akamshika bega akamsimamisha.

"Usinichafulie kazi. Sema kilichokuleta, maana hukuja kwa ajili ya magoti."

"Alhamisi wanakuja kuijaribu."

"Nilijua tu," alisema wifi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu ambacho hana haja ya kukinunua. "Mama anakula?"

"Kidogo."

"Akikuta mkataba haupo atakula nini?"

Wifi alisimamisha pasi. Akachomoa waya wa pasi.

*

Jumatano kutwa wanawake wawili na Fundi walikuwa chini ya boti. Wifi hakuchemsha plastiki. Aliilaza kwenye maji ya moto ya kuvumilika na mkono, akahesabu pumzi, akaitoa. Alikata utepe ukawa mpana kuliko inavyotakiwa, kwa unene wa kidole. Kiungo hakukiweka chini, mahali ambapo mawe hupita, alikiweka juu. Skrubu alizizamisha zote. Kisha akamkataza Fundi kuikimbiza boti.

"Iende polepole nusu saa nzima. Kaka alisema maji yenyewe ndiyo yanaipiga pasi."

Fundi alienda polepole nusu saa, uso wake ukiwa wa mwanafunzi aliyekalishwa mbele. Halafu akavuta mafuta. Boti iliinua kidevu, ikakata mto, ikapotea kwenye kona, na ikarudi ikirusha maji nyuma kama mkia wa jogoo.

"Itadumu?" Mama Boti aliuliza.

"Miezi. Likipita jiwe baya, siku hiyo hiyo."

"Na likipita kule maporomokoni, mjamzito akiwemo?"

Fundi alijifanya anatafuta spana. Wifi alikuwa ananawa mikono mtoni, amewapa mgongo.

*

Alhamisi mkaguzi alifika na viatu vyeupe, kosa ambalo matope ya gatini yalilisahihisha mara moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye karatasi nyingi. Alipanda, Fundi akashika usukani, wifi akakaa nyuma karibu na kifuniko cha pampu, na Mama Boti akabaki ukingoni akiwa ameushika mkono wake kwa mkono mwingine.

Walikwenda mpaka kwenye mawe ya kwanza wakarudi. Mkaguzi alishuka akiwa ameloa, akitabasamu.

"Mama, chombo chako ni kizima. Mkataba unataka watu wawili ndani, dereva na msaidizi. Niandike huyu dada?"

Gatini palikuwa na watu, kama kawaida ya mahali penye jambo la mwenzako. Wapakia mchanga walikuwepo, wanawake wa bombani walikuwepo, na mbele yao Mama Genge, muuza nyanya, ambaye alikuwa akipima maneno kwa mizani ile ile ya nyanya, yaani yakipungua anaongeza.

"Mwandike, baba," alisema Mama Genge. "Ila dawa mzifunge na kufuli. Huyo beseni tu halikusalimika kwake, sembuse vidonge."

Wanawake walicheka. Mmoja alimziba mwenzake mdomo, wakacheka zaidi. Mkaguzi aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Ana neno gani?"

"Maneno ya bombani, bwana," alisema Fundi.

"Samahani, dawa ni mali ya umma. Mama, wewe ndiye mwenye boti. Ni mwizi?"

Wifi alikuwa ameshashuka. Alikuwa na mfuko wake begani, ule ule wa mwaka jana, na alipopita karibu na Mama Boti alisema chini kwa chini, bila kugeuza kichwa, "Mwambie nilishaondoka. Tia sahihi. Atapatikana mwingine wa kukaa nyuma."

Ilikuwa rahisi. Neno lenyewe lilikuwa limeshasemwa mwaka mzima. Hakutakiwa hata kulirudia, alitakiwa kunyamaza tu. Mama Boti aliona karatasi ya mkataba, akaona sahani ya mama mkwe, akaona sare za shule za watoto kwenye kamba. Akaona mguu wa wifi yake ukizama kwenye matope ukatoka, ukazama ukatoka.

"Hakuiba," alisema.

Haikutosha. Wanawake walikuwa bado wanacheka, na wifi alikuwa bado anakwenda.

"Hakuiba, nimesema. Beseni langu limo humu." Alipiga ubavu wa boti kwa kofi. "Alilichukua mume wangu. Alilikata akaziba pampu, kwa sababu ringi ya kweli hatukuwa na uwezo nayo na mimi alinionea aibu. Na hii iliyopita sasa hivi mbele yako, bwana mkaguzi, nayo ni beseni. La juzi. Nilimsingizia dada wa watu pale bombani, na nyinyi nyote mlikuwepo mmeshika ndoo."

Kicheko kilikatika kama maji ya bomba yanavyokatika, kwa matone. Mama Genge akapanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Mkaguzi aliomba kifuniko kifunguliwe. Fundi akafungua. Mkaguzi akainama, akatia taa ya simu, akatazama ile buluu iliyokuwa ikimetameta kwa maji, safi, imekaa vizuri kuliko chuma. Alipoinuka hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Mama Boti zaidi.

"Ni kazi ya ajabu," alisema. "Lakini siwezi kumpandisha mgonjwa juu ya beseni, mama. Mkipata ringi mnitafute. Ingawa kuna boti nyingine tunaiangalia kesho."

Akaenda, viatu mkononi. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, na aliyekuwa wa mwisho alilisema lile neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo kinywani.

"Kumbe mwizi alikuwa marehemu."

*

Fundi alifunga boti kwenye kigingi, akaona kamba haitoshi kumpa shughuli zaidi, akaondoka na yeye. Wanawake wawili walibaki gatini. Wifi alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, amerudi au hakwenda, hata yeye mwenyewe hangeweza kusema.

"Twende nyumbani," alisema Mama Boti. "Mama anakuuliza kila siku."

"Mama ameshaambiwa. Bomba lina miguu kuliko sisi." Wifi aliparua tope kavu kwenye mkono wake. "Juzi alikuwa na mtoto mwizi aliye hai, na mtoto mwema aliyekufa. Mimi anaweza kunipiga fimbo, roho yake ikatulia. Yule atampiga wapi?"

"Nisingeweza kunyamaza tena, wifi."

"Ungeweza. Mimi niliweza." Alisema bila ukali, akiutazama mto. "Lile beseni nilishalilipa. Nililipa kidogo kidogo, mwaka mzima, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupata kile nilicholipia: nyinyi mle, na kaka alale na jina lake. Wewe ukasimama mbele ya watu ukanirudishia hela yangu. Haya, niambie. Nikanunue nayo nini?"

Mama Boti alitafuta neno. Alikuwa mwanamke wa maneno. Bombani walimwogopa kwa hilo. Alitafuta, na kinywa kikawa kama pampu ile, kinazunguka na hakuna kinachotoka.

Wifi alisimama, akaupachika mfuko begani. Akashika njia ya nyumbani, si ile ya nyumba ya wageni, akatembea haraka bila kugeuka. Mama Boti alimfuata kwa nyuma, akikanyaga alipokanyaga mwenzake, kama bi harusi aliyeletwa jana ambaye bado hajui mlango wa nyumba unafunguka upande gani.